Aliyekuja wa Pili: Mhadhara juu ya Udanganyifu, Ukubwa na Ubishi wa Mashabiki

Ubishi wa michezo una maswali mawili yanayokwenda pamoja kama kahawa na kashata. La kwanza ni hili: nani mkubwa kuliko wote? La pili ni shutuma iliyovaa nguo za swali: huyo wako si alikula dawa? Anayezidiwa kwenye la kwanza hukimbilia la pili. Ukimtajia mwenzako nishani za mwanariadha wako, atakuuliza habari za kipimo cha mkojo; ukimrudishia kipimo cha mkojo cha wa kwake, atakwambia enzi zile kila mtu alikuwa anatumia. Ubishi wa namna hii hauishi, na huenda ndio utamu wake. Watani wa jadi wa Kariakoo, Simba na Yanga, hawajaumaliza wa kwao na hawana haraka. Sikuja kuumaliza huu mwingine. Nimekuja kudai kwamba tunabishana huku tumetazama pasipostahili. Macho yetu yote yako kwa aliyekata utepe na kwa saa iliyo juu ya kichwa chake. Mimi nasema hivi: ukitaka kujua udanganyifu umeharibu nini, na ukitaka kujua ukubwa wa mwanariadha una uzito gani, mtazame aliyekuja wa pili. Nitaijenga hoja hii juu ya mbio za masafa ya kati na marefu. Huko ndiko waliko watu wetu, huko ndiko kashfa zilikorundikana, na huko hesabu ni nyepesi kuliko ya mpira: hakuna pasi wala mtego wa kuotea, kuna mtu na mtu mwenzake na ardhi iliyo kati yao.

Twende Beijing, tarehe 19 Agosti 2008, fainali ya mita 1500 ya Olimpiki. Rashid Ramzi, mzaliwa wa Morocco aliyeiwakilisha Bahrain, alishinda kwa dakika 3 na sekunde 32.94. Nyuma yake alikuwa Asbel Kiprop, kijana wa Kenya mwenye umri wa miaka 19, aliyepitwa kwa sekunde 0.17 tu. Baadaye sampuli za michezo ile zilipimwa upya, na ya Ramzi ikakutwa na CERA, jamii mpya ya EPO, ile homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu. Novemba 2009 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikamvua ubingwa. Kiprop akawa bingwa, Nick Willis wa New Zealand akapanda kutoka shaba hadi fedha, na Mehdi Baala wa Ufaransa, aliyetoka uwanjani mikono mitupu, akapata shaba. Kwenye karatasi haki imetendeka. Lakini wimbo wa taifa uliopigwa usiku ule haukuwa wa Kenya, na hakuna kamati duniani inayoweza kuurudisha usiku. Kiprop akaendelea. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2011, akawa tena mwaka 2013, na mwaka 2015 akashinda ubingwa wa tatu katika uwanja uleule wa Beijing. Kisha Novemba 2017 sampuli yake ikachukuliwa Iten, ikakutwa na EPO, na mwaka 2019 akafungiwa miaka minne. Alikana tangu mwanzo na akalalamikia mwenendo wa waliokuja kumpima. Jopo halikukubaliana naye.

Shabiki anauliza: sasa huyu ni mwizi au ni mwibiwa? Anayeuliza hivyo anataka jibu moja kwa mtu mmoja, na hapo ndipo ubishi unapozama matopeni. Beijing 2008 Kiprop alikuwa wa pili, na aliibiwa. Mwaka 2017 alivunja sheria, na akaadhibiwa kwa tarehe hiyo na kuendelea. Nishani zake za nyuma hazikuguswa. Majibu hayo mawili hayagombani, mradi usiulize habari za roho ya mtu na badala yake uulize nani alikuwa nyuma ya nani, lini. Usafi wa roho hatuna chombo cha kuupima. Orodha ya matokeo tunayo.

Kwa nini basi hatuisomi orodha hiyo hadi mstari wa pili? Kwa sababu tunaipenda saa mno. Saa inaonekana haina upendeleo, na inaturuhusu kumshindanisha mtu wa enzi moja na wa enzi nyingine. Abebe Bikila alikimbia marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu, kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16. Kelvin Kiptum alikimbia Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35. Ukiziweka namba hizo sambamba, Kiptum anamaliza wakati Bikila bado ana zaidi ya kilomita nne na nusu mbele yake. Yuko mtu wa akili timamu atakayesema Bikila alikuwa pungufu kwa kilomita nne na nusu? Saa ni kama kikapu cha sokoni: inabeba miguu, mapafu, viatu, hali ya hewa, ulaini wa barabara, waweka kasi, vinywaji vya njiani na, inapotokea, duka la dawa, halafu inavitoa vyote kwa namba moja. Haina kichujio. Na kwa kuwa tunaishangilia namba, waandaaji wanailipia namba, na wapo wanaoitafuta namba kwa njia yoyote. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wasifiaji ni sisi.

Ushahidi mzuri wa ugonjwa huu ni Chicago, tarehe 13 Oktoba 2024. Ruth Chepngetich wa Kenya alimaliza kwa saa 2 dakika 9 na sekunde 56, mwanamke wa kwanza kuvunja kizingiti cha saa 2 na dakika 10. Aliikata karibu dakika mbili nzima rekodi ya Tigst Assefa wa Ethiopia ya saa 2 dakika 11 na sekunde 53, iliyowekwa Berlin mwaka mmoja kabla. Jioni ileile dunia ya riadha iligawanyika: wengine walilia kwa furaha, wengine waliguna. Tarehe 14 Machi 2025 sampuli yake ikakutwa na hydrochlorothiazide, dawa ya kupunguza maji mwilini ambayo wagonjwa wengi wa shinikizo la damu wanaijua, na ambayo wanariadha wamekatazwa kwa kuwa inaweza kuficha alama za dawa nyingine. Kiasi kilichokadiriwa kilikuwa nanogramu 3,800 kwa mililita, wakati maabara hutakiwa kuripoti kuanzia 20. Oktoba 2025 Kitengo cha Uadilifu katika Riadha, AIU, kilitangaza kwamba amefungiwa miaka mitatu, na kikaeleza kuwa matokeo yake ya kabla ya tarehe ile ya Machi yanabaki. Tangu hapo vijiwe vimejaa mabishano juu ya namba: ifutwe, isifutwe, iwekewe alama. Ni wachache waliomtaja Sutume Asefa Kebede, Mwethiopia aliyekuja wa pili Chicago siku ile kwa saa 2 dakika 17 na sekunde 32. Kama ungepatikana ushahidi unaoihusu siku ile yenyewe, basi mwenye kudai ni yeye, na nyuma yake Irine Cheptai wa Kenya aliyekuwa wa tatu. Nasema kama, na neno hilo nimelipima kabla ya kulitamka, kwa sababu ushahidi wa Machi si ushahidi wa Oktoba. Lakini angalau tungekuwa tunabishana juu ya mtu mwenye madai. Rekodi haina mwenyewe wa kuibiwa. Ukiivunja kwa hila, ukutani pameandikwa namba ya uongo, basi. Ukimpita mtu kwa hila, umemchukulia chakula chake.

Sasa yasikilizwe mapingamizi, kwa sababu yapo na mengine ni mazito. La kwanza ndilo linalopendwa zaidi: wote walikuwa wanatumia, kwa hiyo mizani ilikuwa sawa. Mfano unaotolewa kila mara ni Lance Armstrong, aliyeshinda mbio za baiskeli za Ufaransa mara saba mfululizo, 1999 hadi 2005, akavuliwa zote mwaka 2012. Mataji yale hakupewa mtu mwingine, kwa kuwa ukishuka kwenye orodha unakutana na jina la mtuhumiwa, kisha jingine. Shabiki wa Armstrong anasema: basi hapo wa pili wako yuko wapi? Namjibu kwanza kwamba mizani haikuwa sawa hata kati ya watumiaji wenyewe. Tangu mwaka 1997 waendesha baiskeli waliwekewa kikomo: chembe nyekundu zisizidi asilimia 50 ya damu. Aliyezaliwa na asilimia 41 alikuwa na nafasi kubwa ya kupanda kwa EPO. Aliyezaliwa na 48 hakuwa nayo. Dawa ileile, faida mbalimbali, mbali na tofauti ya daktari na pesa za kumlipa. Namjibu pili kwamba si wote walitumia. Christophe Bassons, Mfaransa aliyejulikana kwa kukataa dawa na kusema hadharani, alifuatwa na Armstrong barabarani katikati ya mashindano ya 1999 na kuambiwa anaharibu mchezo. Wenzake wakamtenga, akajitoa kwenye mashindano yale kabla hayajaisha, na mwaka 2001 akaacha mchezo. Hapa naikubali kasoro ya kipimo changu. Anayeibiwa zaidi si lazima awe wa pili. Huenda ni yule ambaye jina lake halimo kabisa, aliyerudi nyumbani mapema. Kauli ya kwamba wote walitumia inaonekana kweli kwa sababu wasiotumia walikwisha kufukuzwa kwenye picha.

Upo upande mwingine wa pingamizi hilo, na huu unauma. Wa pili naye mara nyingine si mtu wa kumlilia. Mwaka 2007 Marion Jones wa Marekani alikiri na kurudisha nishani zake za Sydney 2000. Nyuma yake katika mita 100 alikuwa Katerina Thanou wa Ugiriki, aliyekuwa amekwepa kupimwa wakati wa Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Kamati ya Olimpiki ikakataa kumpandisha. Dhahabu ya mita 100 ya wanawake ya Sydney haina mwenyewe hadi leo. Karibu zaidi na kwetu kuna marathoni ya wanawake ya Rio, mwaka 2016. Jemima Sumgong alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda marathoni ya Olimpiki. Mwaka uliofuata alikutwa na EPO na akafungiwa. Wa pili wake, Eunice Kirwa, mzaliwa wa Kenya aliyeiwakilisha Bahrain, alikutwa na EPO mwaka 2019, naye akafungiwa. Matokeo ya Rio hayakubadilishwa, kwa kuwa makosa yote mawili yalikuja baada yake, na hilo ni sharti tuliheshimu. Aliyesimama wa tatu jukwaani ni Mare Dibaba wa Ethiopia. Mwanamke huyohuyo alikuwa wa pili Chicago mwaka 2014 nyuma ya Rita Jeptoo, na alifanywa mshindi baada ya Jeptoo kuvuliwa ushindi kwa EPO. Kwa hiyo kanuni yangu haisemi wa pili ni mtakatifu. Inasema ushuke kwenye orodha taratibu, jina kwa jina, mpaka ukutane na mtu ambaye hakuna lolote lililothibitishwa dhidi yake, kisha uulize alikosa nini. Ni kazi ya kuchosha kuliko kupiga kelele, nakiri.

Pingamizi la pili linahusu viatu. Vijana wanasema: mzee, unatusumbua na sindano, mbona husemi habari za soli? Wana haki ya kuuliza. Viatu vyenye bamba la kaboni na povu laini vilipoingia, saa za marathoni ziliporomoka kila mahali, na Januari 2020 Shirikisho la Riadha Duniani likalazimika kuweka mpaka: soli isizidi milimita 40, na bamba lisizidi moja. Tofauti ya kawaida inayotolewa ni kwamba kiatu kinaonekana na dawa inafichwa. Kiatu kimeruhusiwa na dawa imekatazwa. Naikubali kwa sehemu kubwa. Na Vienna, Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42 kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40, na waweka kasi 41 waliopokezana na gari lililowachorea mstari kwa mwanga, hakumdanganya mtu, kwa sababu hakukuwa na mshindani. Shirikisho halikuiandika kuwa rekodi, naye alijua hivyo tangu mwanzo. Lilikuwa onyesho, tena zuri. Hapakuwa na wa pili, basi hapakuwa na wizi. Na kwa kipimo changu hapakuwa na ushindi pia.

Lakini Rio inanizuia kulifunga shauri la viatu haraka hivyo. Wanaume watatu waliopanda jukwaani baada ya marathoni ya 2016, Kipchoge, Feyisa Lilesa wa Ethiopia na Galen Rupp wa Marekani, wote walikuwa wamevaa viatu vya majaribio vya Nike ambavyo havikuwa vimefika madukani. Toleo la kuuzwa lilitoka mwaka 2017. Sheria ya wakati ule haikuvunjwa. Wa nne alikuwa Ghirmay Ghebreslassie wa Eritrea, bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia, aliyemaliza sekunde 59 nyuma ya Rupp. Kipimo cha wa pili, nikikitumia kwa uaminifu, kinanilazimisha kumtaja, ingawa mimi ni mmoja wa wanaomsifu Kipchoge. Udanganyifu haukuwapo, kwa maana hakuna kanuni iliyovunjwa wala uongo uliosemwa. Faida ilikuwapo, nayo haikuwa mezani kwa kila mtu. Anayetaka kumwita Kipchoge mwizi kwa hilo amezidisha. Anayekataa kabisa kulizungumza hastahili kuwazungumzia wengine.

Pingamizi la tatu ni la ushahidi, na hapa mashabiki hutenda dhambi pande zote mbili. Wapo wanaosema mtu ni safi kwa kuwa hajawahi kukamatwa. Armstrong alijitetea hivyo miaka nenda miaka rudi. Tazama pia Montreal, 1976: Waldemar Cierpinski wa Ujerumani Mashariki alimshinda Frank Shorter wa Marekani kwa sekunde 50, na mwaka 1980 akashinda tena Moscow. Hakuna kipimo kilichomkamata. Baada ya dola ile kuanguka, nyaraka za mpango wake wa siri wa dawa zilijitokeza, na jina lake likaonekana humo. Matokeo hayakubadilishwa. Shorter alikuja kuwa mwenyekiti wa kwanza wa wakala wa Marekani wa kupambana na pufya, yaani dawa zilizokatazwa michezoni, na sidhani ilikuwa sadfa. Upande wa pili wapo wanaochukua kosa moja na kulimwagia maisha yote ya mtu. Wilson Kipsang alifungiwa mwaka 2020 kwa kutopatikana alipotafutwa kupimwa, na kwa kuleta picha ya ajali ya barabarani kama udhuru wakati ajali ile ilikuwa imetokea miezi kadhaa baada ya siku aliyotafutwa. Hadithi hiyo ingechekesha kama isingekuwa ya bingwa. Makosa yale ni ya 2018 na 2019. Huko Berlin mwaka 2013 Kipsang alivunja rekodi ya dunia, na wa pili wake alikuwa Eliud Kipchoge. Shabiki wa Kipchoge anatamani kusema mtu wake aliibiwa siku ile. Asiseme. Hana tarehe, hana sampuli. Ana hamu tu.

Na kuna dhambi kubwa kuliko hizo, ya kuifanya nchi nzima kuwa mtuhumiwa. Zaidi ya Wakenya 100 wameshaingia kwenye orodha ya waliofungiwa, na Novemba 2022 Kenya iliponea chupuchupu kufungiwa kama taifa, baada ya serikali kuahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano kupambana na pufya. Hizo ni aibu halisi na hazifichiki. Lakini anayesema kuwa Wakenya ndivyo walivyo hajaisoma orodha ya matokeo. Nyuma ya Mkenya aliyedanganya kuna, mara nyingi, Mkenya mwingine: mtu wa Iten au Kaptagat aliyeamka saa 11 alfajiri kufanya mazoezi kwenye vumbi lilelile. Huyo anaibiwa mara mbili, kwanza nafasi yake, halafu jina lake, pale mgeni anapomtia kapu moja na aliyemwibia.

Nimesema kipimo hiki kinafaa pia kwa swali la ukubwa, na hapo ndipo kinaponipendeza zaidi. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Leo mtu akiisoma namba hiyo anapiga miayo. Msomeshe mstari wa pili. John Walker wa New Zealand, mbele ya watu wake, alimaliza kwa 3:32.5, naye pia aliipita rekodi ya zamani ya Jim Ryun ya 3:33.1. Ben Jipcho wa Kenya alikuwa wa tatu, nyuma kidogo tu. Bayi hakuwekewa kasi na mtu. Aliongoza tangu mwanzo, akawaambia wenye mbio za mwisho waje wamfuate, wakashindwa. Aliyemshinda mtu aliyevunja rekodi ya dunia siku hiyohiyo hahitaji saa kumshuhudia. Miaka miwili baadaye Walker alitwaa dhahabu ya Montreal, na Bayi hakuwapo, kwa kuwa Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia michezo ile kwa sababu ya uhusiano wa New Zealand na Afrika Kusini ya makaburu. Walker ni bingwa halali. Ila dhahabu yake ina pengo, na nadhani kila mpenzi wa riadha analiona: alikosekana mtu wa kumshinda.

Ndiyo maana ubishi wa Kipchoge na Kenenisa Bekele, ambao vijana wanaufanya kwa kutupiana rekodi, unaweza kusemwa kwa lugha nyingine kabisa. Paris mwaka 2003, katika mita 5000, Kipchoge kijana alimpita Hicham El Guerrouj kwa sekunde 0.04, na Bekele akawa wa tatu. Beijing 2008 Bekele alishinda mbio hizohizo, na aliyekuwa wa pili ni Kipchoge. Barabarani meza ikapinduka: Chicago 2014, London 2016, London 2018, kote Kipchoge alishinda na Bekele alikuwa nyuma. Kuanzia Rotterdam 2014 hadi London 2019 Kipchoge alishinda marathoni kumi mfululizo za ushindani. Kwa hiyo hukumu yangu, na kila mtu ana haki ya kuikataa, ni kwamba Bekele ni mkubwa wa uwanjani na Kipchoge ni mkubwa wa barabarani, na kwamba marathoni zile kumi zina uzito kuliko saa 2 dakika 1 na sekunde 9 za Berlin 2022, kuliko Vienna, kuliko kiatu chochote. Kila moja ilikuwa na wa pili aliyekuja kushinda na akashindwa. Alphonce Simbu wa Tanzania naye, alipokuwa bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025 kwa saa 2 dakika 9 na sekunde 48, aliandikiwa muda uleule na Amanal Petros wa Ujerumani, wakatenganishwa kwa picha. Saa iliwafananisha baada ya kilomita 42. Kilichotutofautishia ni kifua kilichotangulia.

Namalizia na Boston. Tarehe 21 Aprili 2014 Rita Jeptoo alishinda huko, na Buzunesh Deba, Mwethiopia aliyekuwa akiishi New York, akaja wa pili kwa saa 2 dakika 19 na sekunde 59. Oktoba 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilifuta matokeo ya Jeptoo kuanzia tarehe 17 Aprili 2014, siku nne kabla ya mbio zile. Deba akaandikwa bingwa, na muda wake ukawa wa kasi kuliko wowote halali uliokuwa umekimbiwa na mwanamke kwenye njia ile hadi wakati huo. Tofauti ya zawadi pamoja na nyongeza ya rekodi ilikuwa dola 100,000. Waandaaji walisema wanazidai kutoka kwa Jeptoo. Miaka kumi ikapita, hadi mwaka 2024, Deba akiwa hajalipwa. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa Marekani, shabiki wa mbio asiyemfahamu Deba, aliposoma habari hiyo gazetini na kumtumia dola 75,000 kutoka mfukoni mwake.